Mwanangu Yuko Juu ya Nguzo

Tarehe 2 Machi

Daftari hili nimepewa na binti yangu. Amesema, "Mama, ukitaka kunipigia simu nikiwa kazini, usinipigie. Andika humu." Mkubwa wao, ambaye wote wanamwita Nyapara, amelalamika kwamba simu ya Kima inalia juu ya nguzo kama jogoo asiyejua saa. Kima ndiye binti yangu. Kazini wamempa jina hilo kwa sababu anapanda nguzo za umeme bila kusita. Mimi nilizaa mtu, lakini sikuulizwa.

Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo nitaandika ninavyosema.

Tarehe 3 Machi

Mawingu. Sijapiga.

Tarehe 5 Machi

Nimepiga. Akapokea Nyapara. "Mama, mtoto yuko kazini, hayuko vitani." Nikamwambia heri angekuwa vitani, huko wakiona hatari wanalala chini.

Tarehe 9 Machi

Mvua imeingia rasmi. Kama kuna mtu atalisoma daftari hili, ajue kwamba mimi napiga pasi kwenye duka la dobi. Bi Povu anafua, mimi nanyoosha, Bosi anapokea wateja na kutugombeza. Kazi yote inategemea umeme. Ukikatika, pasi zinapoa na wenzangu wanakaa kitako kupiga soga. Mimi ndipo moyo wangu unapoanza kazi, maana najua kuna waya umekatika mahali, na kuna mtu atapanda, na huenda ni wangu.

Leo umekatika mchana. Nimesimama mbele ya meza yangu ya pasi nikaomba, "Mungu wangu, asipande yeye. Mtume mwingine."

Bi Povu ana masikio kama popo. "Na huyo mwingine hana mama?"

Umeme uliporudi nikashukuru. Umeme ukirudi ndiyo ishara yangu: aliyepanda ameshuka.

Tarehe 14 Machi

Nimekaa naye sebuleni jioni, anapaka mafuta mkanda wake wa kupandia. Nikamwambia pale ofisini kwao kuna dirisha la wateja, kuna kiti, kuna feni. Kwa nini asiombe?

"Mama, nikikaa kwenye kiti nitasinzia."

"Kunguru mwoga huokoa mbawa zake."

"Na atakula nini huyo kunguru wako, mbawa?"

Tumecheka. Lakini nilipoingia kulala nilimwomba Mungu kile kiti. Nakiomba kila siku. Tangu baba yake atangulie nimebaki na jicho hili moja, na jicho lenyewe linapanda nguzo.

Tarehe 15 Machi

Mvua. Hakuna jipya.

Tarehe 20 Machi

Bosi ameleta jenereta. Amechoka kuwaambia watu wa hoteli kwamba mashuka yao hayajanyooshwa. Aliyelifunga ni shemeji yake, anayejua umeme, yaani ana bisibisi. Waya umetoka uani hadi chumba cha nyuma, ukaingia kwenye swichi nyeusi ukutani. Ukiwasha, duka zima linapata umeme.

Nimemshukuru Mungu kwa hilo jenereta. Sasa umeme ukikatika mikono yangu itakuwa na shughuli, na mikono ikiwa na shughuli kichwa hakitangatangi.

Tarehe 27 Machi

Sijampigia wiki nzima. Nyapara ametuma salamu, eti nimeponywa.

Tarehe 4 Aprili

Siwezi.

Tarehe 6 Aprili

Niko kwenye benchi la wodini. Yeye amelala. Nitaandika yote, maana yakibaki kichwani yatanimaliza.

Juzi mvua ilianza kabla hatujafungua duka. Umeme ukakatika ghafla, tukasikia kishindo barabarani, kumbe tawi limeangukia waya. Bosi alikuwa anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mashuka ya hoteli yalitakiwa mchana huohuo. Akatoka uani kuvuta kamba ya jenereta, likakohoa, likakataa, akalitukana, likakataa tena. Muda ukapita. Mwishowe likaunguruma. Akanipigia kelele, "Mama Kima, washa!"

Nikaingia chumba cha nyuma. Nikapandisha ile swichi nyeusi.

Taa zikawaka. Nikasema kwa sauti, "Asante Mungu." Nayaandika maneno hayo kwa sababu ndiyo niliyoyasema. Bi Povu akaitikia, "Amina."

Tukasikia yowe nje.

Nilitoka na shuka begani. Mbele ya duka la matairi, nguzo inayofuata baada ya yetu, mtu alikuwa ananing'inia kwenye mkanda. Mgongo umepinda, kichwa kimelala nyuma, mkono mmoja umeng'ang'ania waya. Nikasema moyoni, maskini mama yake. Haki ya Mungu, ndivyo nilivyosema. Maskini mama yake.

Kisha kofia ikaanguka na nikaziona nywele. Nywele hizo nilizisuka mimi Jumapili.

Nyapara alikuwa anakimbia mlango hadi mlango, anapiga milango kwa viganja, "Nani kawasha jenereta? Zimeni! Zimeni!" Nami nikajua. Hakuna aliyeniambia, nilijua tu, kama unavyojua kwamba umeungua kabla ya maumivu kufika. Nikarudi ndani mbio. Nikafika mbele ya swichi. Mkono haukuinuka. Niliutazama, uko pale ubavuni mwangu, nikauamuru, ukakataa. Niliweza kuwasha. Kuzima sikuweza. Mwanangu anachomwa nje, na mimi nimesimama mbele ya ukuta kama nguo iliyoanikwa.

Bi Povu ndiye aliyenisukuma kando na kuipiga ile swichi kwa mti wake wa kugeuzia nguo. Ikashuka.

Nyapara alikuja hospitali baadaye, matope hadi magotini. Akanieleza taratibu, kama anayeeleza mtoto. Wao wanapokuja kutengeneza, wanazima upande wao, wanapima waya, wakiona umekufa, yaani hauna umeme, ndipo mtu anapanda. Kima alipima, waya ulikuwa umekufa kweli. Akavua glavu moja akaze nati. Sasa mtu akiwasha jenereta bila kwanza kushusha swichi kuu, umeme wa jenereta hautosheki na duka. Unatoka kwa njia uliyozoea kuingilia, unarudi barabarani, unapanda nguzoni.

"Bosi wenu alijua kwamba swichi kuu inashushwa kwanza," akasema. "Shemeji yake alimwambia. Siku zote alikuwa anaishusha mwenyewe. Juzi kasahau. Na mimi ningefunga waya ardhini kabla hajapanda, ili umeme wowote ushukie chini, haya yasingetokea. Niliharakisha, mvua ilikuwa kubwa. Kwa hiyo, mama, usijibebeshe mzigo peke yako, tuko wengi hapa."

Maneno mazuri. Hayakunifikia. Siku ambayo sikumpigia simu ndiyo siku aliyokuwa mlangoni kwetu.

Tarehe 7 Aprili

Ameamka. Ameniuliza nani aliwasha.

Nikasema, "Mimi, mwanangu."

Amegeukia ukutani.

Tarehe 8 Aprili

Ukutani.

Tarehe 9 Aprili

Ukutani. Nimemletea uji, ameunywa kwa mkono wa nesi.

Tarehe 10 Aprili

Bi Povu amekuja na sabuni na maneno. Amenikuta nje ya wodi.

"Umeomba?"

"Sijaomba tangu siku ile."

"Wewe? Wewe uliyekuwa unamsumbua Mungu mpaka nikamwonea huruma?"

Nikamwambia naogopa. Nilimshukuru kwa taa, na taa ile ilikuwa inamuua mtoto wangu. Nikisema neno jingine, nani ajuaye litaangukia wapi? Nikadhani atanipa mafundisho. Akanivuta nikaegemea bega lake, likinuka sabuni kama kawaida. Baadaye ndipo akasema, "Mimi nilisema Amina. Basi tuogope wote wawili."

Tarehe 12 Aprili

Daktari amesema vidole viwili vya mkono wa kushoto, kile kidogo na cha pembeni yake, vimekufa na lazima vikatwe. Alisema hivyo huku anaandika, kama anayetaja nguo za kufuliwa. Nilishika ukingo wa kitanda.

Walipokuja na kitanda cha magurudumu, binti yangu akageuka kutoka ukutani. Siku zote hizo, ndiyo mara ya kwanza kuniangalia usoni. Macho makubwa, yaleyale aliyokuwa nayo utotoni akiwa na homa.

"Mama, niombee. Kwa sauti."

"Siwezi, mwanangu. Namwogopa."

"Basi mwambie hivyo."

Nesi amesimama, anasubiri. Sikuwa na pa kukimbilia. Nikasema, "Mungu, nakuogopa. Nimekuogopa kuliko umeme. Nilikushukuru, na mwanangu akaungua, na sijui nikuambie nini tena. Lakini sina mwingine wa kumwambia. Ndiyo hayo tu."

Kima akasema, "Hiyo ndiyo dua?" Midomo inatetemeka, lakini ilikuwa inataka kucheka. Nesi akaitikia Amina kwa sauti kubwa kuliko sisi wote, akasukuma kitanda.

Nilibaki kwenye korido nikishangaa. Nilitegemea kupigwa na radi. Badala yake magoti yangu, ambayo hayakunibeba vizuri tangu siku ile, yalikuwa yananibeba.

Tarehe 13 Aprili

Ameamka salama. Mkono umefungwa mkubwa kama mtoto mchanga. Amesema, "Mama, nilikasirika." Nikasema najua. Akasema, "Bado nimekasirika kidogo." Nikasema kasirika tu, nipo.

Tarehe 25 Aprili

Tuko nyumbani. Mvua haijakata. Swichi sizigusi. Ya chumbani anawasha yeye kwa mkono mzima, na akitoka nakaa gizani hadi arudi. Ameniona.

Tarehe 30 Aprili

Nimerudi kazini. Nakunja tu, sinyooshi. Bosi hajapinga. Amepungua kama sabuni ya choo, anatembea akiangalia sakafu. Watu wa umeme walimpiga faini na kumwamuru aweke swichi mpya, fundi wa kweli akaja kuifunga. Hii ikiwa upande wa jenereta haiwezi kugusana na waya wa barabarani hata ukiilazimisha. Wote wamenieleza. Nimeelewa. Chumba cha nyuma siingii.

Tarehe 6 Mei

Mungu amenipa kiti.

Amepangiwa dirisha la wateja. Kiti, feni, kila kitu nilichoomba. Nyapara ameleta habari mwenyewe, na binti yangu amesema, "Sawa," akaenda kukunja nguo zake.

Tarehe 15 Mei

Anarudi saa kumi, safi, hana hata tone la matope. Nikimwuliza kazi ilikuwaje, anasema nzuri. Zamani alikuwa akiingia nyumba nzima inajua, viatu huku, mkanda kule, "Mama, leo nimeona kiota cha mwewe!" Sasa anaongea kama redio iliyopunguzwa sauti.

Tarehe 19 Mei

Daktari ameruhusu. Mkono unashika. Leo alikwenda kwenye nguzo za mazoezi, Nyapara akiwa chini. Amerudi mapema, amekaa mlangoni bila kuvua viatu.

"Miguu imekataa, Mama. Vipandio vitatu tu. Vitatu! Nikasikia kama mtu yuko mahali anakaribia kuwasha."

Nilimkumbatia. Na nikiwa nimemkumbatia, mwanangu analia shingoni kwangu, niliisikia furaha ndani yangu. Furaha! Kwamba hatapanda tena. Nilishtuka kuliko siku ya yowe. Siku ile nilijikuta nina mkono usiosikia amri. Leo nimejikuta nina moyo unaoshangilia mwanangu akivunjika.

Sikuweza kuomba kiti wala nguzo. Nimesema tu, "Mungu, umeona. Nitoe humu."

Tarehe 22 Mei

Mvua kubwa. Nimekunja taulo.

Tarehe 28 Mei

Nimeloa, nimechoka, na naandika kabla sijalala.

Wanasema hii ndiyo mvua ya kufungia msimu. Imekuja asubuhi na upepo, na waya wa mtaa wetu umekatika tena, karibu palepale. Gari la umeme likafika. Akashuka Nyapara, na nyuma yake, na koti la mvua, binti yangu. Nilidhani macho yananidanganya. Kumbe mpandaji wao amelala na homa, kikosi kingine kiko mbali, na Kima ameacha dirisha la wateja akaja kumshikia Nyapara kamba na vifaa.

Nyapara aliutazama waya, akatazama juu. "Hii ni ya kesho. Kesho nitakuwa na mpandaji."

Kima naye alikuwa anatazama juu. Maji yanamtiririka usoni. Akasema, "Nitapanda."

"Hujalazimishwa, binti."

"Najua. Nitapanda mama akisimama kwenye ile swichi."

Nyapara akamweleza kwamba swichi mpya haina tatizo, kwamba safari hii atafunga waya ardhini mwenyewe, kwamba amezunguka milango yote. "Najua, mzee," akasema. "Yote najua. Nataka mama asimame." Kisha akanigeukia. "Mama, utasimama?"

Nieleze nilivyosimama pale. Ningesema siwezi, basi. Hakuna ambaye angenilaumu. Asingepanda leo, na asiyepanda leo hapandi tena, hilo nililiona wazi usoni kwake. Angerudi kwenye kiti chake na feni, nami ningekuwa naye miaka yangu yote iliyobaki, mzima, msafi, kimya. Ulimi ulikuwa tayari umelibeba neno. Bi Povu akanishika kiuno.

Nikasema, "Nitasimama."

Sijui lilitoka wapi. Nililisikia pamoja na wao.

Nikaingia chumba cha nyuma. Hakina dirisha. Giza, na mvua kwenye bati, basi. Mtaani siwezi kuona kitu, wala kusikia. Nikaishika ile swichi ikiwa imezimwa, kwa mikono miwili. Ilikuwa baridi. Kila nilichowahi kukiogopa kilikuja kikapanga foleni mlangoni, kikinitaka nitoke nikaangalie, nimwite, nimpigie. Nikafungua kinywa niombe kama zamani, alindwe, ashuke, atumwe mwingine. Nikakuta zile dua zimeisha. Yaliyotoka ni haya: "Mungu, mimi niko huku, wewe uko kule juu naye. Kila mtu ashike pake."

Na nikashika. Hofu haikuondoka, nisije nikadanganya. Ilibaki mle chumbani pamoja nami, lakini ilikuwa imekaa, mimi ndiye niliyesimama. Nikashangaa sana. Nilidhani imani ni pale moyo unapotulia. Moyo haukutulia hata kidogo, lakini mikono ilijua inamtegemea nani.

Bosi akachungulia. "Mama Kima, hoteli wamepiga simu. Swichi mpya haina shida, tungewasha tu jen..."

"Bosi."

"Naam?"

"Ukisogea nakunyoosha kama shati."

Akaondoka. Nikamsikia Bi Povu akicheka huko dukani, kicheko cha kilio.

Muda ulikwenda, siujui ulikuwa mrefu kiasi gani. Mvua ilipungua, ikaongezeka, ikapungua. Watu walipita. Hakuna aliyekuja kuniambia neno, nami sikuuliza.

Kisha mlango ukafunguka na mtu akaingia, ametota, ananuka mvua na mti uliooza. Kwenye giza nilimjua kwa anavyopumua.

"Nimemaliza. Nimeogopa, Mama. Nimeogopa njia nzima, kwenda na kurudi."

"Hata mimi."

"Unaweza kuachia sasa."

Nilitaka, lakini vidole vilikuwa vimekakamaa. Akaja karibu, akaweka ule mkono wake wa kushoto juu ya mikono yangu, akaanza kunifungua kidole kimoja kimoja, taratibu, kama anayefungua ngumi ya mtoto mdogo aliyelala na kitu mkononi.

Tarehe 30 Mei

Jua. Ameondoka asubuhi na mkanda wake begani. Sikumwuliza anakwenda upande gani. Bi Povu, alipoona sijagusa simu tangu asubuhi, amenigusa paji la uso, akaniuliza kama naumwa.